Sani: Kilomita nane za mawe kati ya mfanyabiashara na soko lake

Na Mwandishi Wetu

SAA 12 asubuhi lango la mpaka wa Afrika Kusini chini ya njia ya Sani Pass hufunguliwa. Hapo hazikaguliwi pasipoti peke yake. Gari nalo linakaguliwa. Kama halivuti kwa magurudumu yote manne, haliruhusiwi kupanda, hata kama karatasi zake zote ziko sawa. Saa 12 jioni lango hufungwa, na aliyechelewa hungoja kesho.

Mbele ya lango hilo kuna takribani kilomita nane za changarawe na mawe. Zinapanda karibu mita 900 kwenye ukuta wa milima ya Drakensberg, kona juu ya kona, hadi kituo cha mpaka cha Lesotho kilichoko mita 2,876 juu ya usawa wa bahari. Watalii hulipa fedha nzuri kupandishwa huko kwa siku moja, wapige picha na kunywa kinywaji katika baa inayojitangaza kuwa ndiyo iliyo juu kuliko zote Afrika. Kwa mwenye duka wa wilaya ya Mokhotlong, upande wa Lesotho, njia hiyo hiyo ni sehemu ya bei ya kila mfuko anaouza.

Lesotho imezungukwa na Afrika Kusini pande zote. Sehemu kubwa ya bidhaa za madukani mwake hutoka kwa jirani huyo, na Mokhotlong iko mbali na mji mkuu, Maseru, kwa safari ndefu ya milimani. Ukitazama ramani, Sani ndiyo njia ya mkato kwenda miji ya Himeville na Underberg katika jimbo la KwaZulu-Natal. Ukiiendea kwa gari, hesabu inabadilika.

Punda kwanza, jeep baadaye

Biashara ilitangulia magari. Kwa miaka mingi misafara ya punda na nyumbu ilishusha sufu na manyoya ya mbuzi wa mohair kutoka Lesotho, kisha ikapandisha nafaka na bidhaa za dukani. Mwaka 1948, rubani wa zamani wa vita, Godfrey Edmonds, alifanikiwa kuipandisha jeep hadi juu. Mwaka 1955, David Alexander alianzisha kampuni ya usafirishaji, Mokhotlong Mountain Transport, na magari yakaanza kuchukua kazi ya wanyama.

Majina ya kona bado yanasimulia safari hizo. Ipo Kona ya Rivasi, ambako gari refu halikuweza kukata kona kwa mara moja; dereva alilazimika kurudi nyuma kuelekea bondeni, kisha akunje usukani tena. Ipo Kona ya Barafu, isiyopata jua la kutosha wakati wa baridi, hivyo maji yanayovuja mwambani huganda barabarani. Ipo pia Kona ya Upepo Mkubwa, jina ambalo halihitaji maelezo.

Mlima unavyokula nguvu ya injini

Dereva aliyezoea tambarare hushangaa gari lake linapochoka mapema. Sababu ni hewa. Kadiri gari linavyopanda, hewa inapungua uzito, na injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia tatu ya nguvu kwa kila mita 300. Kufika kileleni, zaidi ya robo ya nguvu yake imekwenda. Injini yenye tabo huvumilia zaidi, lakini nayo ina tatizo la joto: katika mwinuko huo maji ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 90 hivi badala ya 100, hivyo rejeta yenye mfuniko mbovu haifichi kasoro yake.

Kushuka kuna hatari zaidi. Madereva wenye uzoefu hushuka kwa gia ndogo, ile ile ambayo wangeitumia kupanda, na kuiacha injini ilizuie gari. Anayeegemea breki mwanzo hadi mwisho huzipasha moto hadi zinaacha kushika, na chini yake kuna bonde la mto Mkhomazana. Desturi ya njia ni kwamba anayepanda ndiye anayepishwa, kwa kuwa gari likisimama kwenye mawe yaliyolegea huenda lisiondoke tena. Wakati wa baridi kali, kuanzia Juni hadi Agosti, theluji na barafu huweza kuifunga njia kabisa, na dizeli isiyotengenezwa kwa baridi huanza kuganda ndani ya tangi.

Yote hayo yana bei. Mzigo wa tani 30 ambao barabara ya lami ungebebwa na lori moja, Sani unahitaji kugawanywa kwenye magari madogo yenye nguvu. Kila gari lina dereva wake, mafuta yake, tairi zinazokatwa na mawe na springi zinazovunjika. Gharama hizo hazibaki mlimani. Zinafika dukani, na mnunuzi ndiye anayezilipa.

Lami ni neema ya nani?

Lesotho imekwishaweka lami kutoka Mokhotlong hadi kileleni. Afrika Kusini iliugawa mradi wa upande wake katika awamu tatu, na ubishi mkubwa umekuwa juu ya awamu ya mwisho, yaani zile kilomita nane kati ya vituo viwili vya mpaka.

Wanaotaka lami wanataja usalama, bei za bidhaa na wagonjwa wanaohitaji kufika hospitali. Wanaoipinga wanataja mazingira, kwa kuwa njia inapita katika hifadhi ya milima ya Drakensberg, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Kuna na kundi la tatu, ambalo hoja yake ni ya tumboni: waongoza watalii na wenye magari ya milimani. Wao wanaishi kwa sababu njia ni mbaya. Siku gari dogo la kawaida litakapofika kileleni lenyewe, mtalii hatakuwa na sababu ya kuwalipa. Na abiria wa leo, anayelipia kiti kwenye basi dogo linalovuta magurudumu manne, atakuwa na usafiri mwingine wa kuchagua.

Kwa mfanyabiashara mdogo jibu nalo si rahisi. Lami itamshushia nauli ya mzigo. Lakini itawaleta pia wenye maduka makubwa na malori yao, ambao leo mlima unawazuia.

Vituo viwili, mlima mmoja

Kuna jambo ambalo lami peke yake haitalitatua. Kituo cha Afrika Kusini kiko chini, cha Lesotho kiko juu. Mwenye mzigo aliyegongewa muhuri chini, kisha akakutwa na kasoro juu, anapaswa kuushuka mlima ule ule kuitafuta karatasi iliyokosekana.

Nchi hizo mbili ziko katika umoja wa forodha ulioanza mwaka 1910, na loti ya Lesotho ina thamani sawa na randi. Hata hivyo, kodi ya ongezeko la thamani bado inahesabiwa mpakani, na risiti isiyosomeka ni usumbufu vilevile kama ilivyo penye ushuru.

Wafanyabiashara wa Namanga, Rusumo au Malaba wanalijua hilo. Katika mipaka hiyo, kilichopunguza foleni si barabara tu, bali vituo vya pamoja, ambako maofisa wa nchi mbili hukaa mahali pamoja na msafiri husimama mara moja. Tanzania na Kongo, ambazo ziko pamoja na Lesotho na Afrika Kusini katika jumuiya ya SADC, zina uzoefu wa pande zote mbili za hoja hiyo.

Kwa sasa anayepanga kupitisha mzigo Sani hufanya mambo manne kabla ya kulipa nauli: huuliza hali ya hewa ya kileleni, si ya bondeni, hukagua breki na rejeta, huhakikisha risiti za kodi ziko mkononi, na huhesabu saa, ili afike lango la pili kabla ya saa 12 jioni.