Arobaini si mwaka

"Dada, niko likizo ya uzazi. Kwenye SHA niandike mapato sifuri, si ndiyo?"

Swali hili la SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii ya Kenya inayosimamia bima ya afya, nimeulizwa ndani ya feri ya Likoni, katikati ya maji, mahali pasipo pa kukimbilia. Nimeulizwa msibani Mtongwe. Juzi nimeulizwa Bombolulu na mama aliyekuwa bado anahesabu nauli ya matatu. Kazi yangu ni kuandaa mishahara ya watu, kwa hiyo kuhesabu ndiyo riziki yangu, lakini mara nilizojibu swali hili nimeacha kuzihesabu. Jibu ni hapana. Kwa kuwa jibu fupi halijasaidia, chukueni refu.

Wanaouliza ni wa aina mbili, na kila mmoja amekosea kwa njia yake.

Wa kwanza ameajiriwa, tuseme kwenye kiwanda cha nguo Changamwe. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 29, inampa miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili. Kamili. Sasa hiyo sifuri inatoka wapi? Mwajiri anaendelea kumlipa, anaendelea kumkata asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine, na kuipeleka SHA kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Mwenye mshahara wa shilingi 24,000 anakatwa 660 akiwa kiwandani, na 660 hiyo hiyo akiwa nyumbani ananyonyesha. Hana cha kukadiria. Akikimbilia kujiandikisha upya kama mtu asiye na kazi, atakatwa huku na kulipa kule.

Wa pili hana mwajiri. Anakaanga mahamri Mishomoroni, au anauza viazi karai pale Magongo. Amejifungua, yumo ndani na arobaini yake, jiko limepoa. Huyu ana haki ya kuuliza, maana kweli haingii hata shilingi. Ila ameshika siku arobaini na kuzifanya mwaka mzima. Mchango wa asiye na mwajiri hukadiriwa na kulipwa kwa mwaka.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe: dawa ya saiba.

Mwezi uliopita nilikuwa nimeingia saiba moja kuchapisha karatasi zangu. Kando yangu alikaa mama na mtoto mchanga, kitambulisho mkononi. Kijana wa kompyuta alikuwa "anamshushia SHA" kwa shilingi 300. Nikatazama kioo. Ukuta wa nyumba yake wa mawe, kijana akaubonyeza ukawa wa udongo. Choo cha ndani kikawa cha shimo. Gesi ikageuka kuni. Kwenye sehemu ya mume, kijana akauliza bila kuinua kichwa, "Tumtoe?" Mume akatolewa. Nyumba nzima ilibomolewa kwa dakika nne, na mwenye nyumba akalipia.

Tuanze na sifuri yenyewe. Kwa asiye na mwajiri, mfumo haukuombi utaje pato lako la mwezi huu ili uamini ulivyosema. Unauliza kuhusu paa, ukuta, maji, taa, unachopikia, mko wangapi, mna mali gani. Majibu hayo yakishaingia, mfumo ndio unaokadiria pato la kaya. (Kaya hapa ni wote wa nyumba moja, msiniletee misitu ya Wamijikenda.) Kwa hiyo maneno "niko likizo" hayana pa kuingia. Hata ukiyaandika kwa wino wa dhahabu, paa lako ni lile lile.

Ndiyo maana kijana wa saiba hagusi mapato, anagusa ukuta. Na hapo ndipo msaada unapogeuka kosa. Kutoa taarifa za uongo kwa SHA ni kosa kisheria, na namba ya kitambulisho iliyoko pale ni yako. Yake haimo popote. Siku ya kuulizwa, yeye atakuwa anabomoa nyumba ya mtu mwingine.

Tuje kwa yule mume aliyetolewa. Nilimuuliza yule mama mumewe afanya kazi gani. Ameajiriwa bandarini, akasema, analipwa kila mwisho wa mwezi. Basi mume huyo tayari anakatwa asilimia 2.75, na mchango huo unamhesabu yeye, mkewe na watoto wao. Mama hakuwa na deni lolote la kushushiwa. Alichotakiwa ni kuongezwa na mumewe kama mtegemezi, bure, kwa simu. Kijana alimtoa kwenye nyumba iliyolipiwa, akamwingiza peke yake kwenye nyumba ya udongo inayodaiwa shilingi 3,600 kwa mwaka. Huko ndiko kushushiwa!

Na hiyo 300 kwa mwezi inayotajwa mitaani kama zawadi ya wajanja ni kiwango cha chini kwa kila kaya, kilichowekwa na sheria. Haiuzwi. Hakuna anayeweza kukupeleka chini yake, na mwenye pato dogo hahitaji hila ili aifikie. Anahitaji hesabu. Tuifanye.

Mama wa mahamri anauza mahamri 200 kwa siku, kila moja shilingi 10. Hayo ni mauzo ya 2,000. Unga, nazi, sukari, hamira, iliki, mafuta na makaa vinakula 1,400. Kilicho chake ni 600. Akikaanga siku 24 kwa mwezi, anapata 14,400. Mwaka huu amejifungua: wiki za mwisho za mimba hakusimama jikoni, kisha arobaini, kisha siku za kurudi kidogo kidogo. Tumtolee miezi mitatu. Miezi tisa mara 14,400 ni 129,600. Asilimia 2.75 ya hapo ni 3,564. Kwa kuwa chini ya 3,600 haiendi, atalipa 3,600. Yaani ukweli mtupu umemfikisha pale pale saiba inapomtoza ili imfikishe kwa uongo.

Mwenzake anakosea upande wa pili: akiulizwa kipato, hutaja mauzo. Elfu mbili, mara 24, mara 12, ni 576,000. Asilimia 2.75 yake ni 15,840. Amejipandishia mara nne na ushee kwa kuwa unga ameuita faida na likizo ameisahau. Kama kuna mume mwenye bodaboda, naye afanyiwe hesabu hiyo hiyo: toa mafuta, toa matengenezo, toa siku ilizolala pikipiki.

"Lakini si umesema mfumo haumuulizi?" Ndiyo. Hesabu hii ni ya kupimia kiasi utakachopewa. Mfumo ukikuletea 11,000 na daftari lako linasema 3,600, una cha kupeleka ofisini kuomba tathmini irudiwe. Bila daftari unapeleka machozi, na machozi hayana safu kwenye fomu.

Uvumi mwingine niumalize hapa: SHA haikulipi pesa mkononi ukiwa likizo ya uzazi. Inalipa hospitali. NSSF yetu nayo haina malipo ya uzazi. Wenye shangazi Tanga wanachanganya: ng'ambo ya Horohoro, NSSF ya Tanzania ina fao la uzazi. Huku mlipaji wako ni mwajiri.

Sasa la kufanya, upesi, maana feri inakaribia gati.

Umeajiriwa: toa notisi ya maandishi angalau siku saba kabla, weka nakala, na angalia karatasi ya mshahara kila mwezi. Ukinyimwa mshahara wa likizo, nenda kwa afisa wa leba. Wewe ni kibarua lakini umefanya kazi mfululizo mwezi mzima au zaidi? Soma kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira; huenda wewe si kibarua tena. Mume ameajiriwa: akuongeze wewe na mtoto kupitia *147#. Hakuna aliyeajiriwa nyumbani: jibu maswali kwa kweli, linganisha na daftari, omba marejeo kama hayalingani. Huwezi kulipa mwaka kwa mkupuo: kuna Lipa SHA Pole Pole, ila ni mkopo, soma riba. Huna kabisa: jisajili tu, maana matibabu ya kawaida kwenye zahanati na vituo vya afya vya serikali hayahitaji mchango. Kujifungua hospitalini ni jambo jingine, hilo linataka mchango uwe umelipwa. Na Linda Mama, ule mpango wa zamani wa kujifungua bure, msiungoje, haupo tena.

Tukikutana safari ijayo, nionyeshe mtoto kwanza. Kisha daftari.