Chandalua Chako na Nyumba ya Jirani

Katika Kenya yote, sehemu iliyo na malaria nyingi kuliko nyingine ni kandokando ya Ziwa Viktoria. Uchunguzi wa mwaka 2020 ulionyesha ya kuwa watoto wapatao 19 katika kila 100 wa huko walikuwa na vijidudu vya malaria katika damu, hali kwa nchi nzima walikuwa 6 tu. Mtoto wa namna hiyo aweza kucheza kama kawaida, na huku damu yake inampa mbu ugonjwa wa kupelekea mwingine.

Wapo wazee washikao bado kwamba homa hii huletwa na kunyeshewa. Tusiwacheke, kwa maana mvua na malaria hufuatana kweli. Mbu wa malaria hupenda kutaga mayai katika vidimbwi vidogo vipigwavyo na jua: nyayo za ng'ombe, alama za magurudumu, mashimo yachimbwapo udongo wa matofali. Kwa muda wa siku kumi hivi mbu wapya huruka. Kufyeka majani ni vizuri, lakini afyekaye na kuliacha shimo la matofali limejaa maji hajamzuia mbu.

Sasa tutazame chandalua. Kuanzia mwaka 1996, vyandalua vilivyotiwa dawa viligawanywa katika vijiji vya Asembo na Gem, katika Siaya, ili vijaribiwe. Vifo vya watoto wadogo vilipungua. Tena ilionekana jambo ambalo wengi hawakulitazamia: hata nyumba zisizo na chandalua, zilizokuwa karibu na zile zenye navyo, yaani katika mita 300 hivi, zilipata nafuu.

Sababu yake ni hii. Mbu akimnyonya mgonjwa hawezi kumwambukiza mwingine siku ile ile. Vijidudu huhitaji siku kumi au zaidi kukomaa ndani yake. Katika siku hizo hurudi kutafuta damu mara kadhaa, na kila arudipo hugusa dawa ya chandalua. Vyandalua vikiwa vingi kijijini, ni mbu wachache waishio hata kufikia siku ya kuambukiza.

Kwa hiyo aanikaye omena juu ya chandalua apata samaki safi, lakini amewanyima majirani kinga yao. Na nyumba nyingi zina kosa jingine: chandalua hutundikwa penye mama na mtoto mchanga, na wanafunzi hulala mkekani sebuleni bila kitu. Hao nao hubeba vijidudu, wala mkeka haukatazi kamba nne za kufungia chandalua.

Chanjo ya malaria ilianza kutolewa Kenya mwaka 2019, katika sehemu za magharibi. Lakini mtoto aliyechanjwa bado yampasa kulala ndani ya chandalua. Akishikwa na homa, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo apimwe damu. Akionekana ana malaria na kupewa dawa ya siku tatu, aimalize yote, hata kama siku ya pili ameamka akiomba uji.