Herufi zikififia, usikimbilie miwani

Enzi za skrini za kichogo, sisi tuliochapa barua za watu hapa Mwembe Tayari tulinunua mtumba kwa kupima inchi. Muuzaji akisema inabeba 1280 kwa 1024, tunalipa. Ukifika nyumbani, maandishi yana ukungu.

Mimi niliambiwa kadi ya picha imekufa. Nikanunua nyingine, na ukungu ukabaki palepale.

Kama bado unayo skrini hiyo, jua hivi. Picha huchorwa na mwale wa elektroni unaokwenda kushoto kulia, mstari baada ya mstari, ukikolea na kufifia kwa kila nukta. Kwa 1280 kwa 1024, picha 85 kwa sekunde, mwale unatakiwa kwenda kasi ya nukta milioni 157.5 kwa sekunde. Saketi ikiwa nzito, haijafika kwenye weusi inaitwa tena kwenye weupe. Unapata kijivu. Wepesi huo ndio upana wa masafa, nao huandikwa kwa megahezi katika kijitabu cha skrini, mahali ambapo hakuna mnunuzi anayesoma.

Tazama herufi ndogo. Vijiti vya kusimama vikififia na vya kulala vikibaki vyeusi, shaka iko hapo. (Jaribu waya mwingine kwanza, nao huleta ukungu.) Kisha shusha hadi 1024 kwa 768: milioni 94.5 tu. Ila picha zisipungue 75 kwa sekunde. Kwa 60 skrini hupepesa, na jioni kichwa kinagonga.