Barabara ya taifa haimpi mtu ruhusa ya kuwinda Kahuzi-Biega

Swali ambalo wakazi wa Bukavu, Kabare na Kalehe hawachoki kuwauliza wanasheria ni hili: ikiwa ardhi yote ni ya Serikali, na barabara ya taifa namba 3 inapita ndani ya Mbuga ya Taifa ya Kahuzi-Biega, kwa nini raia anayekutwa kando ya barabara hiyo akiwa na mtego au nyama ya porini akamatwe kama mwizi? Limekwisha kujibiwa mara nyingi, lakini linarudi kwa sababu linachanganya haki ya kumiliki, haki ya kutumia na haki ya kupita, ambazo sheria imezitenganisha waziwazi.

Sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973, katika kifungu cha 53, inatamka kwamba udongo ni mali ya Serikali peke yake, isiyouzwa wala kupotea kwa sababu mtu ameikalia miaka mingi. Wengi huishia hapo, kisha wakajiongezea kwamba Serikali ni wananchi, kwa hiyo kila mwananchi ajichukulie. Lau wangesoma vifungu viwili vinavyofuata, wangekuta kwamba mali hiyo imegawanywa mafungu mawili: ile ya umma, yaani iliyotengwa kwa matumizi au huduma ya wote, ambayo haiwezi kugawiwa mtu yeyote maadamu haijaondolewa kisheria katika fungu hilo, na ile binafsi ya Serikali, ambayo ndiyo hukatwa viwanja na kutolewa kwa mkataba. Mbuga imo katika fungu la kwanza. Hospitali kuu nayo ni mali ya umma, wala hakuna anayedai haki ya kubeba vitanda vyake.

Imani hiyo ya kwamba kila mwananchi ajichukulie inawaumiza kwanza wale inaojidai kuwatetea. Hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1937 ilifanywa mbuga ya taifa mwaka 1970 ikiwa na hekta 60,000, kisha mwaka 1975 ikapanuliwa hadi hekta 600,000, na katika miaka hiyo Batwa, wenyeji wa asili wa msitu huo, walifukuzwa bila fidia. Dai lao ni dai la watu mahususi juu ya ardhi mahususi ya mababu zao, na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika uamuzi uliotangazwa mwaka 2024, ilikubali kwamba Kongo ilivunja haki zao. Lakini anayesema msitu ni wa kila mtu analifuta dai hilo kwa ulimi wake mwenyewe, kwa maana ikiwa ni wa wote, mfanyabiashara wa nyama anayetoka Bukavu na pikipiki ana haki sawa na Mutwa aliyezaliwa humo, na hakuna aliyenyang'anywa kitu.

Barabara yenyewe huachana na ile ya Goma pale Miti, ikapanda hadi Tshivanga, yalipo makao ya mbuga, kisha ikaelekea Bunyakiri, Hombo na Walikale. Msafiri ana haki ya kupita tu. Akizima pikipiki na kuingia msituni bila ruhusa, amekwisha kuvunja sheria hata kama ni hatua kumi. Ukali huo una sababu, kwa kuwa chombo cha moto ndicho kinachofikisha nyama sokoni kabla haijaoza, na ndicho kinachofanya gunia la makaa lilipe gharama ya safari. Mtego nao ni kitanzi cha waya, mara nyingi kebo ya breki, kilichofungwa kwenye mti mchanga uliopindwa. Mwindaji humtegea funo, lakini ngagi (gorila) akitia mkono, mti hufyatuka, waya hukaza kila anapovuta, na hata akifaulu kuukata, kitanzi hubaki kikila nyama hadi kiganja kioze.

Kuhusu njia halali, anayetaka kuwinda awinde nje ya mbuga, kwa kibali kinachotolewa chini ya sheria ya mwaka 1982, katika msimu uliofunguliwa, na asiguse wanyama wanaolindwa. Jamii yenye msitu wa mababu nje ya mipaka iombe msitu wa jamii chini ya dekreti ya tarehe 2 Agosti 2014, inayoruhusu hadi hekta 50,000. Batwa waegemee pia sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inayolinda haki zao. Mwenye hati ya shamba ndani ya ukanda wa Nindja, ulio sehemu ya mbuga, ikiwa hati hiyo ilitolewa baada ya mwaka 1975, amtafute wakili dhidi ya mamlaka iliyompa, badala ya kuendelea kulima. Dereva akatae mzigo asioujua asili yake, na anayetaka kuwaona ngagi alipie kibali, kisha aingie akiongozwa na walinzi.