Nilihamia Kenya na simu tu, biashara ikabaki Mnazi

Kuna swali linaingia inboksi kila wiki: "Dada, nasikia ulikaa Kenya. Na mimi nataka kuhama nikajiajiri kule nipate maisha mepesi, nianzie wapi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Leo naandika yote, na ya aibu yamo.

Mimi ni wa Mnazi. Watu wakisikia Wilaya ya Lushoto wanaulizia sweta na mapeasi. Mnazi tuko chini, tambarare, joto na mkonge, baridi tunaitazama kwa mbali kule milimani. Nilimaliza kidato cha nne, nikaanza kuuza khanga na vitenge kwenye kona ya duka la mama, baadaye nikaingia WhatsApp na Instagram. Biashara ilikwenda. Kilichonichosha ni vile vilivyoizunguka: mkopo wa kausha damu, ndugu wanaochukua doti "mpaka mavuno", wateja wanaopiga saa sita usiku kuuliza bei iliyoandikwa kwenye picha. Nikawa naangalia video za watu wamekaa Diani, kompyuta mbele, bahari nyuma. Nikasema, na mimi si nimejiajiri? Ofisi yangu si simu?

Februari 2025 mkopo ulikuwa umeisha na nilibaki na 2,300,000. Pasipoti ikala 150,000. Simu ya biashara na mzigo nikamwachia mdogo wangu, mimi nikabeba simu ndogo na khanga doti 30. Mombo, Tanga, Horohoro, unavuka uko Lunga Lunga, jioni nikawa Ukunda. Mpakani nilipita bila viza, nikagongewa muhuri wa miezi sita.

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Muhuri wa mgeni si ruhusa ya kufanya biashara. Ni kweli Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kwenda nchi nyingine akajiajiri. Ni kweli pia kwamba Novemba 2017 Uhuru Kenyatta, siku anaapishwa, alitangaza kuwa Mwafrika Mashariki anakaribishwa Kenya kufanya kazi na biashara kwa kitambulisho chake tu. Video ile nilikuwa nayo kwenye simu, nikaona imetosha. Kumbe haki ipo, ila inapita kwenye makaratasi: kibali, PIN ya kodi, leseni ya kaunti. Hotuba huwezi kumwonyesha askari wa kaunti.

Kuna na kile kibali cha daraja N ambacho Kenya ilikitangaza Oktoba 2024, cha wanaofanya kazi mtandaoni huku wakilipwa kutoka nje ya Kenya. Nikajiambia, wateja wangu wako Tanzania, hiki ni changu kabisa! Nilipoona kipato wanachotaka uthibitishe, nikazima simu nikaenda kuoga.

Kwa hiyo kule sikuuza mwenyewe. Jirani yangu, mama mmoja wa Kidigo mwenye kibanda chenye leseni, alinunua zile doti kwangu akauza yeye. Mimi nikaendelea na wateja wa nyumbani: naposti nikiwa Ukunda, mdogo wangu anafunga mzigo Mnazi na kuupeleka kwenye gari. Chumba shilingi 4,500 za Kenya kwa mwezi, na shilingi yao moja ilikuwa karibu 20 zetu, piga mwenyewe. Sitadanganya, wiki mbili za kwanza nililala kama mtoto. Hakuna aliyenigongea mlango kuomba doti.

Mwezi wa nne nikaagiza mzigo wa pili kwa ajili ya yule mama, khanga na vitenge pamoja. Nilikuwa nimesikia kwamba bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000, zikiwa kwenye orodha ya mpakani, zinapita kwa cheti rahisi cha uasili bila ushuru wa forodha. Nikadhani nikinunua Tanzania basi ni ya Tanzania. Sivyo. Kinachoangaliwa ni ilikotengenezwa, si ulikonunua. Khanga zilizotoka kiwanda cha hapa zilipita. Vitenge vyangu vilikuwa vya China, vimepitia Kariakoo tu, vikaingia kwenye ushuru, na juu yake VAT ya Kenya ya asilimia 16. Faida ya vitenge ikaishia palepale. Sina wa kumlaumu, maandishi yapo pembeni mwa kitambaa, sikusoma.

Lakini lililonirudisha nyumbani ni kitu kidogo kuliko vyote: laini ya simu.

Siku ya gulio mdogo wangu alipanda Mlalo na mzigo, akarudi bila simu ya biashara. Ama ilidondoka ama iliibiwa, mpaka leo hatujui. Akakimbilia kwa wakala kurudisha laini. Wakala akamwambia kistaarabu kabisa: laini hii imesajiliwa kwa NIDA na alama za vidole za mwenyewe, mlete. Mwenyewe nipo Ukunda.

Ndani ya ile laini kulikuwa na 412,000 za wateja sita walioshalipa. Oda zao, majina yao, mahali pa kuwatumia, vyote vilikuwa kwenye ile simu. Sikuwa na daftari. Namba haipatikani, na mdogo wangu hajui nani amelipa nini. Siku ya tatu mteja mmoja akaweka picha yangu kwenye kundi la WhatsApp, na maandishi mekundu: TAPELI HUYU, AMEKIMBILIA KENYA. Picha ikazunguka mpaka ikafika kwenye kaunta ya mama. Mama akanipigia kwa simu ya jirani. Hakugomba. Aliuliza tu, "Mwanangu, hela za watu unazo?"

Nililia, nisifiche. Alfajiri nikapanda gari kwenda Tanga. Kwa wakala, kuweka kidole kulichukua dakika chache. Laini ikarudi, hela zote zilikuwemo. Nikaanza kupiga mmoja mmoja na kuomba radhi. Wawili walipokea mizigo yao, wanne walitaka hela zao nikawarudishia siku ileile, tozo nikabeba mimi. Yule aliyeniposti nilimrudishia wa kwanza. Ile picha hajaifuta.

Nilirudi Ukunda, maana kodi ya chumba nilishalipa, lakini moyo haukurudi. Oda zilishuka nusu. Kumbe watu hawakuwa wananunua kwenye akaunti yangu, walikuwa wananunua kwa binti wa duka fulani la Mnazi ambaye akizingua unajua pa kumpata.

Mwisho wa Julai, muhuri wangu unakaribia kuisha, serikali yetu ikatangaza amri inayowakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara Tanzania: duka la jumla na rejareja, wakala wa pesa za simu, kutengeneza simu, saluni na nyinginezo. Faini isiyopungua milioni 10, au jela hadi miezi sita. Na raia atakayemsaidia mgeni naye ana yake, milioni 5 au miezi mitatu, kwa hiyo wewe unayetaka kumwazima mtu jina lako kwenye leseni, fikiri mara mbili. Yule mama alinicheka: "Nyinyi mwatufukuza kule, na sisi hapa twawapikia!" Alinichotea samaki wa nazi huku anasema. Nilikula, ila nilikosa la kujibu, maana mimi mwenyewe nilikuwa nadai kwao kitu ambacho kwetu tumekifunga.

Agosti nilikuwa Mnazi. Katika zile 2,300,000 nilirudi na 640,000. Duka sasa nafunga saa mbili usiku na simu ya biashara nazima, mwenye kununua anasubiri asubuhi. Ndugu wa "mpaka mavuno" bado wapo, nimewawekea kikomo cha doti moja, wananuna. Oda zote zinaandikwa kwenye daftari kabla hela haijaingia, na kila mteja anapewa namba ya pili, ya mama.

Yule mama wa Ukunda tunaendelea. Yeye ndiye mwenye leseni kule, mimi ni wa huku, mzigo unavuka na cheti chake. Wa mwezi huu ni khanga doti 24, hakuna kitenge. Mdogo wangu ameshaandika risiti, na jina la kiwanda limo.