Ramani ya simu bila mtandao: Kusoma ni rahisi, kuhariri kuna masharti

MGENI anayetafuta nyumba Njiro, jijini Arusha, kwa kawaida huelekezwa ashuke Kontena au kwa Msola, kisha apige simu ili afuatwe. Siku hizi wengi hufungua ramani kwenye simu ya kiganjani badala ya kuuliza. Bando likiisha njiani ndipo hukutana na jambo la kushangaza: nukta ya bluu inaendelea kusogea, lakini barabara zilizokuwa chini yake zimetoweka.

Sababu ni kwamba simu hufanya kazi mbili tofauti. Kujua mahali ilipo hakuhitaji intaneti. Simu hupokea mawimbi ya setilaiti za mfumo wa GPS wa Marekani, zilizo umbali wa takriban kilometa 20,200 kutoka ardhini, pamoja na mifumo mingine ya aina hiyo, kisha hukokotoa yenyewe. Mtandao husaidia tu kuharakisha hesabu ya kwanza. Ndiyo maana simu iliyozimwa kwa muda mrefu, ikiwashwa porini, yaweza kuchukua dakika kadhaa kabla ya kujitambua.

Picha ya ramani ni suala jingine. Programu nyingi huivuta vipande vipande kutoka kwenye seva kadiri mtumiaji anavyosogea. Bando likikatika, vipande vipya haviji. Dawa yake ni kupakua mapema ramani ya eneo zima. Google Maps huruhusu hivyo, ingawa ramani iliyopakuliwa huisha muda wake isiposasishwa, na bila mtandao hutoa maelekezo ya gari tu, si ya mtembea kwa miguu. OsmAnd na Organic Maps, zinazotumia data za OpenStreetMap, mradi wa ramani huria ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004, huhifadhi ramani yote ndani ya simu na kutafuta hata njia za miguu. Kwa anayepanda Mlima Meru, wenye urefu wa mita 4,566, hakuna haja ya kueleza zaidi.

Hata hivyo, ramani inayosomeka tu haitoshi mahali ambapo ramani yenyewe ina mapengo. Jambo hilo lilionekana wazi wilayani Serengeti, mkoani Mara, ambako shirika linaloongozwa na Rhobi Samwelly, Hope for Girls and Women Tanzania, lina nyumba salama mjini Mugumu kwa wasichana wanaokimbia ukeketaji. Taarifa ya binti aliye hatarini ikija usiku, gari halina budi kufika kijijini kabla ya wanaomkeketa, na vijiji vingi kwenye ramani za awali vilikuwa uwanda mtupu.

Tangu mwaka 2015, mradi wa Crowd2Map Tanzania umewashirikisha watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali kuchora barabara na nyumba kwa kutazama picha za setilaiti. Lakini picha hiyo haisemi kijiji kinaitwaje, wala jengo lipi ni zahanati. Hayo huongezwa na wenyeji wanaotembea na simu, katika maeneo ambayo mtandao hupatikana kwa kubahatisha.

Anayehariri bila mtandao huandika kwenye kumbukumbu ya simu yake. Badiliko husubiri humo hadi simu ipate mtandao na kulituma. Hapa ndipo wengi hukosea: akiona jina aliloliandika limetokea kwenye kioo, mtu huamini kazi imekwisha, kumbe analiona yeye peke yake. Simu ikiibwa au programu ikifutwa kabla ya kutuma, kazi ya siku nzima imepotea. Hata baada ya kutumwa, wenzake hawataliona mpaka nao wapakue ramani mpya.

Tatizo gumu zaidi ni watu wawili kugusa kitu kimoja. OpenStreetMap hukipa kila kitu namba ya toleo. Mtu wa Njiro akipakua barabara ikiwa toleo la 3 na kuihariri bila mtandao, huku mwingine wa Sakina akituma badiliko lake na kuifanya toleo la 4, seva itakataa badiliko la yule wa kwanza. Programu ya Vespucci humwonyesha matoleo yote mawili ili achague. Utaratibu huo unakera, lakini ni afadhali kuliko aliyechelewa kufuta kazi ya mwenzake bila yeyote kujua. Organic Maps imepunguza hatari hiyo kwa kuruhusu kuhaririwa kwa maduka, shule na mahali pengine pa namna hiyo, si barabara.

Mambo huwa mepesi pale kila mtu anapokuwa na eneo lake, kama makarani wa Sensa ya Agosti 23, 2022, waliotumia vishikwambi. Aliyejaza dodoso la kaya moja hakugongana na wa kaya nyingine.

Ramani huria haina mipaka ya namna hiyo. Kwa hiyo anayehariri hushauriwa kupakua data mpya asubuhi kabla ya kutoka na kutuma mabadiliko jioni ileile. Akiyaweka simuni kwa wiki mbili, huenda akakuta barabara aliyoihariri imekwisha kuhaririwa na jirani.