Kwa Nini Dawa ya Malaria Huacha Kufanya Kazi?



Katika mikutano ya vikundi, kuanzia Lungalunga hadi Diani, kuna neno moja tunalisikia kila mara: "Mimi dawa hii hainisaidii tena, mwili umeshaizoea." Neno hili limeenea sana lakini si kweli, na linatufanya tutumie dawa vibaya. Mwili hauzoei dawa ya malaria. Kinachobadilika ni kijidudu. Na kijidudu kilichobadilika hakikai kwako peke yako, mbu hukinyonya na kukipeleka kwa jirani.

Hebu tuanze na klorokwini, ambayo wazee wanaikumbuka kwa uchungu wake na vile ilivyowasha mwili. Kijidudu cha malaria hukaa ndani ya chembe nyekundu za damu na kuila damu hiyo. Kikishakula, hubaki takataka yenye sumu, nacho huigandisha iwe kama punje za mchanga ili isikidhuru. Klorokwini ilizuia kule kugandisha, kijidudu kikafa kwa sumu ya chakula chake chenyewe.

Sasa, mgonjwa mmoja anaweza kuwa na vijidudu mabilioni. Kila vinapozaana hunakili maumbile yao, kama katibu anayenakili daftari la chama kwa mkono, na makosa hayakosi. Mengi hayana maana, mengine hukiua kijidudu chenyewe. Lakini kosa la aina moja lilibadilisha kijimlango katika tumbo la kijidudu, dawa ikawa inatolewa nje kabla ya kufanya kazi yake. Si dawa iliyoleta kosa hilo. Dawa iliwaua wenzake wote, ikakiachia shamba zima. Ni kama kupalilia ukaliacha gugu moja lenye mizizi mirefu: msimu ujao utavuna watoto wake.

Usugu huo wa klorokwini ulitokea kwanza Asia ya kusini mashariki, mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1978 ukaonekana Afrika Mashariki. Kenya ilibadilisha dawa ya kwanza mwaka 1998, ikachukua SP, ambayo wengi wetu tuliijua kwa jina la Fansidar. Hii nayo haikudumu. Mwaka 2004 serikali ikaamua kuhamia AL, yaani Coartem na nduguze, na mwaka 2006 ikaanza kusambazwa vituoni. Miaka ile dawa zilipokuwa zikishindwa ilikuwa mibaya. Mtoto anameza dawa, homa inashuka siku mbili tatu, halafu inarudi, na damu inazidi kupungua.

SP ilizuia kijidudu kutengeneza foliki, kitu kinachohitajika ili kizaane. Na hapa kuna jambo la ajabu kidogo. Dawa moja ya saratani, methotrexate, hufunga njia hiyo hiyo ya foliki katika chembe za saratani. Kazi ya saratani ni ngumu zaidi, maana chembe zake ni zetu wenyewe zilizoasi. Dawa hulenga chembe zinazozaana kwa haraka, basi nywele nazo hupukutika. Na chembe za saratani pia hujifunza kuisukuma dawa nje, vile vile kama kijidudu cha malaria kilivyofanya. Ndiyo sababu mtoto mwenye uvimbe wa taya, ule aliouandika daktari Burkitt huko Kampala mwaka 1958, hupewa dawa kadhaa pamoja. Mgonjwa wa kifua kikuu naye huanzishiwa dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne.

Kwa nini pamoja? Fikirini mlango wenye makufuli mawili. Kijidudu kilichobahatika kupata ufunguo mmoja bado hakitoki. Ili kitoke ni lazima kipate funguo zote mbili kwa wakati mmoja, na bahati hiyo ni adimu mno. AL imetengenezwa hivyo. Artemether hupiga kwa nguvu na kutoka mwilini upesi, lumefantrine hubaki siku kadhaa kumalizia waliosalia. Mtu mzima humeza tembe 4, baada ya saa 8 nyingine 4, halafu asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Jumla ni 24. Zimezwe na chakula chenye mafuta, maziwa au mchuzi wa nazi, kwani bila mafuta lumefantrine haiingii vizuri katika damu.

Anayeacha siku ya pili kwa sababu homa imeshuka, au anayegawana dozi moja na mtoto, ameondoa kufuli moja. Chai ya majani ya artemisia tunaiweka hapo hapo: ina dawa kidogo, haipimiki, na haina mwenzake. Na anayemeza AL bila kupimwa damu huenda hana malaria kabisa. Homa yake inabaki bila tiba, na dawa imetumika bure.

Hili si la zamani. Tangu mwaka 2020 watafiti wameeleza juu ya vijidudu vinavyochelewa kufa kwa artemisinin huko Rwanda, Uganda na Kagera, Tanzania. Mgonjwa akimaliza dozi, kwa kawaida bado hupona, maana lumefantrine inashikilia. Lakini kufuli moja limeanza kulegea, na mbu na abiria wa basi hawajui mpaka.

Kuna habari moja njema. Malawi iliacha klorokwini mwaka 1993, na ilipojaribiwa tena mwaka 2005 iliponya karibu watoto wote. Ufunguo ule ulikuwa mzigo kwa kijidudu. Dawa ilipoondoka, wasioubeba wakawashinda. Si ruhusa ya kuirudia klorokwini nyumbani, jamani.

Kina mama wameuliza mbona kliniki bado inawapa SP. Kwa mja mzito wa huku Pwani hutolewa kama kinga, kuanzia miezi mitatu ya kwanza inapokwisha, kila mara kwa nafasi ya mwezi mmoja au zaidi, na bado inasaidia mtoto azaliwe na uzito mzuri. Anayetumia Septrin kila siku asipewe SP. Na tembe za foliki za miligramu 5 zisimezwe pamoja nayo, zinaipunguza nguvu. Zile ndogo za miligramu 0.4 hazina neno.